Fereti, Nyama Mbichi na Zulia la Sebuleni

Mwekee simba moyo mbichi wa kuku, au paka wa sokoni, au nyegere, na hutakaa kusubiri majibu. Mwekee fereti aliyelelewa Uingereza au Marekani kwa chakula kikavu cha pakiti, naye ataunusa, atarudi nyuma, ataanza kusukuma sakafu kwa pua kana kwamba anafukia uchafu wa mwenziwe, kisha ataondoka zake akalale. Na usingizi wenyewe wala si wa kununa, maana mnyama huyu hulala saa 14 hadi 18 kwa siku hata akiwa na furaha zake zote. Mfugaji ametoka bucha, amechafua ubao wa kukatia alioambiwa asiuguse, ameosha kisu mara mbili, na sasa amechuchumaa sebuleni akimbembeleza mla nyama ale nyama. Jirani akichungulia dirishani ataona mtu mzima mwenye kazi na kodi za kulipa akitafuna hewa na kujilamba midomo mbele ya kiumbe kisichofika kilo mbili, ambacho wala hakimtazami. Vioja vya namna hii husimuliwa kama ukaidi wa mnyama. Mimi nasema fereti anasingiziwa. Katika safari ya kutoka kwenye punje kavu kwenda kwenye nyama mbichi, yeye ana kazi ndogo kuliko wote nyumbani humo. Anayegoma ni binadamu, anayetaka asili iingie kwake kwa adabu, ivue viatu mlangoni, ikae kwenye sahani yake na isiache doa.

Kwa msomaji ambaye hajakutana naye, fereti ni mnyama mrefu mwembamba wa ukoo mmoja na kicheche, nyegere na fisi maji wetu. Ametokana na kicheche wa Ulaya, na amekuwa mikononi mwa watu kwa zaidi ya miaka 2000. Strabo, mwanajiografia Mgiriki wa zama za dola ya Roma, aliandika juu ya watu wa Iberia walioingiza wanyama wa jamii hii kwenye mashimo ili wawafurushe sungura. Hakufugwa kwa ajili ya kubembelezwa. Alifugwa kwa sababu ana umbo la kupenya shimoni na nia mbaya na kila kilichomo humo. Tumbo lake linaeleza mengine yote. Utumbo wake ni mfupi, na ule mfuko ulioko mwanzoni mwa utumbo mpana, ambamo sungura na farasi huchachusha majani yao, yeye hana kabisa. Chakula hupita mwilini mwake kwa saa tatu hadi nne. Maana yake, alichokula saa moja asubuhi kinaweza kuwa kimeshatoka kabla watu hawajanywa chai ya saa nne. Mnyama mwenye ratiba kama hiyo hana nafasi ya kujadiliana na nafaka. Anahitaji protini na mafuta ya mnyama yanayosagika upesi, na madaktari wa wanyama wanaomjua hutaka chakula chake kiwe na protini isiyopungua asilimia 35 hivi, mafuta yapate asilimia 20 au karibu yake, na nyuzi za mimea zisizidi asilimia tatu.

Sasa itazame punje. Chakula cha wanyama cha kiwandani kilianza London karibu mwaka 1860, pale Mmarekani mmoja aliyekuwa akiuza vyuma vya kukinga radi, James Spratt, alipogundua kwamba watu wa mjini wako tayari kumnunulia mbwa biskuti. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 1957, kampuni ya Purina ya Marekani ilileta punje zilizotengenezwa kwa mtambo wa aina ileile unaotoa nafaka za kifungua kinywa: unga wa nyama na nafaka hukandwa, hupikwa kwa mgandamizo, husukumwa kwenye tundu, hufura, kisha hunyunyiziwa mafuta ili mnyama asishtuke. Mtambo huo una sharti moja, nalo ni wanga, kwa sababu bila wanga punje haishikani. Kwa hiyo hata ile pakiti yenye picha ya fereti mwenye macho ya kishujaa ina kiasi fulani cha kitu ambacho tumbo lake halikukiomba. Si kwamba kabla ya viwanda mambo yalikuwa mema. Wawindaji wa sungura wa Uingereza kwa vizazi vingi waliwalisha fereti wao mkate uliolowekwa kwenye maziwa, chakula ambacho tumbo la fereti hukijibu kwa njia ambayo sitaieleza kwa kuwa huenda unasoma ukiwa mezani. Fereti alifanya kazi ya kukimbiza nyama kutwa nzima kisha akalipwa uji. Ukitafuta mfanyakazi aliyedhulumiwa kwa muda mrefu bila kuunda chama, huyo hapo.

Wafuasi wa nyama mbichi hupenda kumalizia hoja yao kwa ugonjwa wa kongosho. Fereti wa makamo, hasa Marekani, huugua mara nyingi uvimbe unaomwaga insulini kupita kiasi. Sukari ya damu hushuka, miguu ya nyuma hulegea, mate humtoka, naye hubaki amekodoa macho ukutani kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Wanga wa punje unashukiwa, na tuhuma hiyo ina mantiki. Lakini tuhuma haijawa hukumu. Fereti wengi wa Marekani hutoka kwa wazalishaji wachache wakubwa, hivyo ni ndugu wa karibu, na huhasiwa wakiwa na wiki chache tu za umri. Mwenye damu ya aina moja, aliyehasiwa mapema na kulishwa punje, akiugua, huwezi kuinyooshea kidole punje peke yake ukasema umepata mwizi. Kwangu mimi hoja ya meno na utumbo inatosha. Sina haja ya kumtisha mtu kwa uvimbe ili akubali kwamba mnyama mwenye meno ya kukata nyama apewe nyama.

Basi kwa nini anaikataa? Jibu liko puani. Mtafiti wa Kijerumani Raimund Apfelbach alionyesha katika miaka ya 1970 na 1980 kwamba fereti hujifunza kwa harufu, katika miezi michache ya kwanza ya maisha, nini ni chakula na nini si chakula. Dirisha hilo likifungwa, harufu ngeni haimwambii kitu tumboni. Samaki mkunje angali mbichi, nasi tumemkunja kwenye punje. Kwa hiyo fereti anayekimbia kipande cha sungura hajasahau asili yake wala hajaharibiwa na maisha ya mjini. Anafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye busara angefanya akiletewa kitu chenye harufu asiyoijua na kuambiwa kwamba hiki ndicho chakula cha mababu zake. Na hapa ndipo ile kanuni ya nyumba nyingi, kwamba asiyetaka aachwe, njaa itamfunza, inapogonga mwamba. Fereti hana akiba ya kushindana na njaa. Mwili wake unaunguza chakula haraka, na akiwa tayari ana ule uvimbe wa kongosho pasipo mtu kujua, kufungishwa saa chache kunaweza kumwangusha kwa kifafa. Binadamu aliyekuja na msimamo mkali hujikuta kabla ya magharibi amerudisha bakuli la punje na kuomba radhi.

Inabaki njia ya polepole, na hiyo ndiyo shule ya unyenyekevu. Punje husagwa, huchanganywa na nyama ya kusaga na maji ya uvuguvugu mpaka iwe rojo. Rojo hupakwa kidogo mdomoni mwa mnyama ili ailambe kwa kutopenda uchafu, si kwa kupenda chakula. Siku inayofuata hupakwa tena. Wiki zinapita. Punje inapunguzwa kijiko kwa kijiko, rojo inazidi kuwa nzito, vipande vinaanza kuonekana, na kwa wengine kazi hii huchukua miezi. Mashine ya kusagia matunda ya familia, iliyonunuliwa kwa ajili ya juisi ya pasheni, hupata kazi ya pili ambayo hakuna anayeitangaza kwa wageni. Wapo wanaokosa subira wakaamua kulambisha rojo kwenye ncha ya kidole. Fereti hujifunza upesi sana somo hilo, ila analojifunza ni kwamba vidole hutoa nyama. Kesho yake kidole kikija bila rojo, yeye hukikagua kwa meno ili kujua tatizo ni nini. Tumia kijiko. Kipindi hichohicho kinyesi hubadilika rangi na umbo, mara kijani, mara chenye ute, mara kama kimechanganywa na mbegu, na mfugaji ambaye mwezi uliopita alikuwa akizungumza kuhusu soka sasa ana picha za kinyesi kwenye simu na anatafuta mtu wa kumwonyesha.

Yote hayo, hata hivyo, ni madogo ukilinganisha na siku ambayo fereti anakubali. Hapo ndipo nyumba inapoanza kutaabika, kwa sababu fereti ni mweka akiba. Anachokipenda hakili chote. Hukibeba mdomoni, kichwa juu, mwendo wa mtu aliyepokea mshahara, akakifiche. Enzi za punje jambo hili lilikuwa la kuchekesha tu: ukisogeza kochi unakuta lundo dogo kavu, unalifagia, unasema jamani huyu. Nyama mbichi haifagiliki. Inaingia nyuma ya kochi, ndani ya kiatu cha mgeni, chini ya mto, kwenye kapu la nguo zilizokwisha kufuliwa, katikati ya spika, kwenye lile tundu la chini ya godoro ambalo mwenye nyumba hakujua kama lipo hadi harufu ilipomwelekeza. Na kwa kuwa nyumba za Uingereza huwa na joto la ndani majira ya baridi na madirisha yaliyofungwa, ini lililosahauliwa nyuma ya mtambo wa kupashia joto hutoa taarifa kwa familia nzima ndani ya muda mfupi. Wanaume wenye heshima zao hutembea kwa magoti, pua chini, wakifuata harufu kutoka chumba hadi chumba, na fereti huwafuata nyuma kwa shauku akidhani hatimaye wameelewa maisha yanavyokwenda. Akishiba, jambo la pili analofanya ni kujipangusa. Huburuta shavu moja kwenye zulia, akageuza, akaburuta la pili. Aliyetandika zulia jeupe na kumpa fereti figo ya ng'ombe amefanya maamuzi mawili ambayo hayawezi kuishi pamoja.

Angalia lakini ni nani aliyekosea katika mkasa huo. Kuficha nyama ndiko kulikomwezesha kicheche wa Ulaya kupita majira ya baridi. Mnyama anafanya sawasawa na tabia ile ambayo mfugaji aliisifu pale aliposema anataka kumrudishia asili yake. Mfugaji alitaka utumbo wa mwitu na tabia za sebuleni. Ukipenda boga, penda na ua lake, na katika suala hili ua ni kipande cha shingo ya kuku ndani ya kiatu. Wenye akili hawashindani na tabia, hubadili chumba. Fereti hulishwa ndani ya kizimba, au bafuni penye vigae, hupewa kiasi anachoweza kumaliza, na kilichobaki huondolewa baada ya saa chache. Zulia halipati elimu yoyote, linaondolewa tu njiani.

Unafiki wetu unaonekana zaidi kwenye mfupa. Watu wengi wanaoamua kwenda njia ya nyama mbichi hununua minofu ya kidari, safi, ya waridi, isiyo na ngozi wala mfupa, kwa sababu hiyo ndiyo nyama inayowafanya wao wenyewe wasigeuze uso. Ni nyama mbichi iliyopewa malezi mema. Tatizo lake ni kwamba mnofu mtupu una fosforasi nyingi kuliko kalsiamu kwa zaidi ya mara kumi, na mnyama anayekula huo peke yake ataitoa kalsiamu mahali pekee ilipo, yaani kwenye mifupa yake mwenyewe. Mtoto wa fereti anayekua kwa minofu anaweza kuvunjika miguu akicheza. Ndiyo maana wanaojua huhesabu: nyama ya misuli kwa sehemu kubwa, mfupa mbichi laini wa bawa au shingo kati ya asilimia 10 na 15, viungo vya ndani kama asilimia 10 na nusu yake ini, wala si zaidi, kwa kuwa ini lina vitamini A inayoweza kulundikana na kudhuru. Moyo huongezwa kwa ajili ya taurini. Mfupa uwe mbichi daima, maana uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha kali. Samaki mbichi naye si wa kuaminiwa kila siku: miaka ya 1930, huko Minnesota, mbweha waliofugwa kwa ajili ya ngozi walipooza na kufa baada ya kulishwa samaki mbichi wa maji baridi, ambaye ana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na ugonjwa ule ukaitwa kwa jina la mwenye shamba, Chastek. Asili nayo inahitaji mizani ya jikoni. Rahisi kuliko yote ni kumpa mnyama mzima, kifaranga au panya aliyegandishwa akayeyushwa, kwani kila kitu kimo ndani kwa vipimo vyake. Ila hapo mfugaji aliyekuwa akihubiri asili kwa sauti huanza kunong'ona, hasa mgeni anapojitolea kwenda mwenyewe kuchukua barafu kwenye friza.

Historia inatuonyesha watu waliokuwa na aibu ndogo kuliko sisi. Mwaka 1971, maabara ya fizikia ya Batavia, Illinois, ile inayoitwa leo Fermilab, ilimwajiri fereti jike aliyeitwa Felicia kupita ndani ya mabomba marefu akivuta uzi ambao baadaye ulifungiwa kitambaa cha kusafishia. Wanafizikia waliokuwa wakijenga moja ya mitambo mikubwa kabisa duniani walimlisha kuku, maini na vichwa vya samaki. Vichwa vya samaki nisingewapigia makofi, lakini angalau hakuna aliyemshawishi kwamba yeye ni mlaji wa mahindi.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa madaktari wa wanyama, nalo halifai kuchekwa. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa wanyama cha Marekani kilitoa msimamo wa kutoshauri nyama mbichi kwa mbwa na paka. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo, katika uchunguzi wa miaka hiyohiyo, ilipima sampuli 196 za chakula kibichi cha wanyama na kukuta bakteria wa salmonella katika 15 na wa listeria katika 32. Kugandisha huua vimelea wengi. Bakteria hawa huwalaza tu. Mfuasi wa nyama mbichi hujibu kwamba utumbo mfupi na tumbo lenye asidi kali humlinda fereti. Sawa, na tuseme humlinda. Fereti yule yule amejipangusa uso kwenye zulia ambalo mtoto wa miezi minane anatambaa juu yake. Utumbo wa mtoto si mfupi. Hapa hoja yangu inasimama palepale: anayehatarishwa zaidi na mlo huu mara nyingi ni nyumba, na nyumba yenye mtoto mchanga, mjamzito, mzee dhaifu au mtu ambaye kinga yake ya mwili imeshuka ina sababu kamili ya kukataa, tena isiitwe ya waoga. Wengine wote wanadaiwa ubao wao wa kukatia, bakuli la chuma la kuchemshwa, rafu ya chini kabisa ya friji, na mikono inayooshwa kwa sabuni kila mara, hata mara ile ambayo umechoka na kipindi cha televisheni kimeanza.

Kuna jambo la mafua pia, na kwa fereti lina uzito wa pekee. Mwaka 1933 watafiti Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw walivitambua virusi vya mafua ya binadamu huko Mill Hill, London, kwa kuwaambukiza fereti, kwa sababu fereti hupata mafua yetu karibu kama sisi. Mwaka 1936 ikaripotiwa kwamba mtafiti mmoja wa maabara hiyo alipigwa chafya usoni na fereti mgonjwa, naye akaugua. Sayansi ikapata ushahidi na mtafiti akapata kitanda. Kiumbe wa namna hiyo hapaswi kulishwa ndege asiyejulikana alikotoka katika miaka hii ya mafua makali ya ndege. Desemba 2024, katika jimbo la Oregon, paka wa ndani alikufa kwa virusi vya H5N1 baada ya kula chakula kibichi cha bata mzinga kilichotoka kiwandani kikiwa kimegandishwa. Mwenye fereti akiniuliza, nitamwambia aanze na sungura kutoka kwa muuzaji anayemfahamu, na kuku amchukulie kwa tahadhari kila inapotangazwa milipuko katika nchi yake. Katika suala hili madaktari wana haki, na wapenda asili wanaocheka vidole vyao vikiwa na damu ya kuku wanastahili kukemewa.

Pingamizi la pili ni jepesi: kwamba mnyama akionja damu atakuwa mkali, kesho atakula kidole, keshokutwa bibi. Ushahidi bora dhidi yake unatoka Yorkshire, Uingereza, ambako palikuwa na mchezo wa kutia fereti wawili ndani ya suruali, kuifunga vifundoni na kiunoni, mchezaji akiwa hana chupi, na kuona nani atavumilia zaidi. Mwaka 1981 Reg Mellor wa Barnsley alivumilia saa 5 na dakika 26. Siri yake haikuwa dua. Aliwashibisha kwanza. Fereti aliyeshiba, awe ameshiba nini, ana sababu chache za kufanya uchunguzi. Anayeng'ata hung'ata kwa hofu, kwa utoto, kwa kutozoeshwa mikono ya watu au kwa sababu ya yule mfugaji wa rojo kwenye kidole.

La tatu ni kwamba miaka 2000 ya kufugwa imembadilisha, hivyo tuache mambo ya kicheche. Amebadilika, kweli: ni mpole zaidi, hawaogopi watu, na baadhi yao ni weupe kiasi cha kuonekana gizani. Tumbo lake ndilo halikupata habari. Wakoloni wa New Zealand waliwaachia fereti porini katika miaka ya 1880 wawamalize sungura, na wanyama hao wa kufugwa hawakuomba punje wala mkate na maziwa. Walikula sungura, wakala na ndege wa asili wasiojua kukimbia, mpaka serikali ikapiga marufuku kuwauza na kuwazalisha kuanzia 2002. Ni ushahidi wa kusikitisha, ila ni ushahidi. Yule anayekataa kwamba mnyama huyu ni mla nyama kamili awaulize ndege hao, akina kiwi.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa atakuwa na pingamizi lake, na sidhani kama ni la kijicho: ati mnyama apewe moyo, maini na firigisi, wakati kwetu firigisi ya kuku ina mwenyewe kabla kuku hajachinjwa? Kwanza, kiasi chenyewe ni kidogo. Fereti wa kilo moja hula gramu 50 hadi 100 kwa siku, chini ya mshikaki mmoja wa harusini. Pili, huko Uingereza na Marekani shingo, miguu, mioyo na firigisi ndivyo vitu ambavyo walaji wengi hawavitaki kuviona, na punje yenyewe hutengenezwa kwa masalia hayohayo yakishakaushwa na kusagwa. Fereti hachukui supu ya mtu. Kama kuna wa kulaumiwa, ni wale walioamua kwamba kuku ni kidari tu. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama mfugaji angempa fereti steki, na wapo wanaofanya hivyo. Hao siwatetei, na fereti wao, ambaye hapati mfupa, hawatetei pia.

Linabaki lile la kwamba punje imepimwa na wataalamu ilhali nyama ya nyumbani hupimwa kwa jicho. Hili nalikubali zaidi ya nusu. Punje nzuri, yenye nyama kama kiungo cha kwanza na nafaka kidogo, huwalea fereti wengi hadi uzeeni, na ni bora mara kumi kuliko bakuli la minofu la mtu aliyejaa imani na asiye na mizani. Nyama mbichi ndiyo inayomfaa fereti kwa umbile lake. Haimfai kila mwenye fereti, na wanaochanganya mambo hayo mawili ndio wanaojaza vyumba vya kusubiria vya madaktari. Mwenye friza, subira, sakafu ya vigae na moyo wa kugusa ini asubuhi na aanze. Asiye navyo abaki na punje yake, na wenziwe wasimsimange. Wewe unayetaka kuanza, mwone daktari wa wanyama kabla ya kwenda bucha, mpimishe sukari ya damu fereti aliyezidi miaka mitatu, mpime uzito kila wiki, na usimwondolee bakuli la punje mpaka uwe umemwona kwa macho yako akiila nyama na kuitoa salama.